Alimweka Mtoto Katikati



Mitume walikuwa njiani kwenda Kafarnaumu, na njia nzima walishindana kwa maneno: nani kati yao ni mkubwa? Walipofika nyumbani Bwana wetu aliwauliza habari ya mazungumzo yao, nao wakaona haya kumjibu. Yeye hakuwafokea. Alimwita mtoto mmoja, akamsimamisha mbele ya watu wazima wale, akamkumbatia, akawafundisha kwamba ampokeaye mtoto wa namna hiyo ampokea Yeye mwenyewe. Habari hiyo tunayo katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 9.

Mwinjili hatuambii jina la mtoto yule. Hatuambii baba yake ni nani, wala kama mama yake alikuwa hai, wala kama mtoto mwenyewe alikuwa mzima au mgonjwa. Atuambia mahali tu alipowekwa, nako ni katikati.

Tarehe 1 Desemba, tangu mwaka 1988, huadhimishwa kuwa Siku ya UKIMWI Duniani. Kila mwaka husemwa mengi siku hiyo juu ya watu wazima: mwenendo wao, makosa yao, dawa zao. Sisi leo twataka kuuliza swali moja tu: mtoto aliyeguswa na ugonjwa huu tumemweka wapi? Nasi twaogopa kwamba tukijibu kweli, tutasema: tumemweka pembeni.

Wazee wa Kagera hawahitaji kuelezwa ugonjwa huu ulivyoingia. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa huko. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu walikuwa wamekwisha kuanza kukonda na kufa bila kujulikana sababu. Kwa kuwa haukuwa na jina, watu wa Kagera waliuita "Juliana", jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi wa mpakani. Halafu jina la kweli likaja, na pamoja nalo misiba. Katika vibanja vingi makaburi yaliongezeka kati ya migomba: kwanza la baba, baada ya mwaka mmoja au miwili la mama, na pengine la kichanga kando yao. Bibi aliyedhani amekwisha kumaliza kazi ya kulea aliianza upya akiwa na umri wa miaka 70, na wajukuu watano au sita juu ya mkeka mmoja. Yaliyoonekana kwanza Kagera yalionekana baadaye Mbeya, Iringa, Njombe, Dar es Salaam, na kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa.

Kisha Mungu, kwa njia ya akili na bidii ya wanadamu, alitufungulia mlango. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Watu waliokwisha kuagwa na ndugu zao waliinuka katika mikeka, wakarudi mashambani. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini shukrani ile imetuletea usingizi. Vijana wasiozidi miaka 20 hawakumbuki wiki yenye mazishi matatu katika kijiji kimoja. Wengi wetu twasema: ugonjwa ule ni wa zamani.

Si wa zamani. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, zaidi ya 4 wana virusi. Tena sikilizeni hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 juu ya watoto wa dunia nzima, walio chini ya miaka 15. Wenye virusi walikuwa kama milioni 1.4. Walioambukizwa mwaka ule mmoja walikuwa kama 120,000. Waliokufa walikuwa kama 76,000. Kati ya watu wazima 100 wenye virusi, 77 walipata dawa. Kati ya watoto 100, walipata 57 tu. Watoto ni 3 katika kila 100 ya watu wote wenye virusi, lakini ni 12 katika kila 100 ya waliokufa kwa ugonjwa huu. Na watoto walio chini ya miaka 18 waliopoteza baba au mama au wote wawili kwa ugonjwa huu ni karibu milioni 14.

Kwa nini mtoto aachwe nyuma? Je, dawa yake ni shida? Zamani ndivyo ilivyokuwa. Dawa ya maji ya watoto ilikuwa chungu sana, tena ilitaka kuwekwa mahali pa baridi. Na ni nyumba ngapi vijijini zenye jokofu? Siku hizi kuna vidonge vidogo viyeyukavyo katika maji, vyenye ladha ya tunda, hata mtoto mdogo hunywa bila kukunja uso. Basi lipo jambo jingine. Mtu mzima akiugua hujipeleka hospitali kwa miguu yake. Mtoto hupelekwa. Mtu mzima hujihesabia siku za kurudi kuchukua dawa. Mtoto huhesabiwa. Pasipo mkono wa mtu mzima, dawa hukaa katika kabati la zahanati na mtoto hufa kijijini, na kati yao ni mwendo wa saa mbili tu. Hili ndilo neno letu la leo, nasi twawaombeni mlishike: kwa mtoto huyu, kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kumweka katikati.

Nisidhaniwe nawahukumu wengine. Mimi niandikaye maneno haya nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati dawa zilikuwa bado hazijafika. Tulipokuwa darasa la tatu, mtoto mmoja aliletwa shuleni kwetu na bibi yake, baada ya kuwazika baba na mama. Alikuwa na vidonda mdomoni na kikohozi kisichokoma. Tuliketi naye dawati moja, mimi na mwenzangu. Hakuna mwalimu aliyetuamuru tumhame, wala hakuna aliyetukataza. Asubuhi moja tulichukua madaftari yetu, tukaenda kubanana na wengine, naye akabaki peke yake katika dawati la watu watatu. Hakulia. Aliendelea kuandika. Likizo ya Juni ilipokwisha hakurudi, na sisi hatukuuliza. Nimesoma miaka mingi katika seminari kuu, nami nimehubiri Injili ile ya Marko mara nyingi. Lakini kila niisomapo, mtoto nimwonaye ni yule tuliyemhama.

Kuna maneno matatu ambayo watu hujitetea nayo. Yatupasa kuyajibu.

La kwanza: "Ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za wazazi." Swali hilo waliuliza wanafunzi mbele ya yule aliyezaliwa kipofu: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazee wake? Bwana wetu alikataa mambo yote mawili, kisha akamponya, kama ilivyoandikwa katika Yohane sura ya 9. Kanisa lafundisha daima usafi wa moyo na uaminifu wa ndoa, wala halitaacha kufundisha. Lakini hakuna mkatekumeni hata mmoja aliyefundishwa kwamba kichanga huzaliwa na hatia ya uzinzi wa baba yake. Tena ni wake wangapi waaminifu walioletewa virusi katika nyumba zao wenyewe? Anayemnyoshea kidole mtoto kwa ajili ya wazazi wake afanya kazi ambayo Kristu aliikataa.

La pili: "Atawaambukiza wanangu." Virusi haviambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kunywa kikombe kimoja, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kikohozi. Haya yamejulikana kwa zaidi ya miaka 35. Hata hivyo bado zipo nyumba ambamo mtoto mmoja ana kikombe chake chenye alama, kinachotundikwa mbali na vingine. Mtoto huyo hajaambiwa lolote, lakini kila akiona kiu hukumbuka kwamba yeye si wa nyumba ile. Mama, ukirudi nyumbani leo, kichanganye kikombe kile na vingine.

La tatu ni gumu zaidi: "Twamficha ili kumlinda." Hapa yafaa kupambanua kati ya siri na uongo. Siri ni haki ya mtoto. Ugonjwa wake si habari ya kisimani, wala ya baada ya Misa, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI yakataza kutangaza hali ya mtu na kumbagua kwa ajili yake. Lakini kumdanganya mtoto mwenyewe ni jambo jingine. Mtoto huambiwa vidonge vyake ni vya kifua, au ni vya kuongeza damu. Humeza kwa utii miaka 10. Siku moja, amekwisha kuwa na miaka 14, asoma maandishi ya kopo, au aona picha ukutani mwa kliniki, naye ajua yote kwa mara moja, akiwa peke yake. Ghadhabu yake ya kwanza huwa juu ya waliomdanganya, kuliko hata juu ya virusi. Na wengine huvitupa vidonge chooni, kwa sababu hawamwamini tena yule aliyewaambia vyafaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili yao. Mtoto wa miaka 6 yatosha ajue kwamba ndani ya damu yake kuna adui aliyelala, na dawa humzuia asiamke. Mtoto wa miaka 10 au 12 aweza kusikia jina la adui huyo, kutoka kinywani mwa mtu ampendaye, jioni yenye utulivu. Mwombeni mhudumu wa kliniki awasaidie. Ukweli usemwao kwa upendo haujamwua mtoto.

Basi, tutende nini?

Ninyi mnaojiandaa kufunga ndoa, pimeni afya zenu, ambianeni ukweli kabla ya kusimama altareni. Ninyi akina baba, msimwache mke mjamzito aende kliniki peke yake, akarudi na habari nzito asiyoweza kuisema kwa hofu yenu. Pasipo tiba, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, wataambukizwa kuanzia 15 hata 45, katika mimba, katika kuzaliwa na katika kunyonya. Mama akitumia dawa sawasawa, hatari hiyo hushuka hata chini ya watoto 5, naye aweza kumnyonyesha mwanawe kama washauri wa afya wamwelekezavyo. Kichanga naye apelekwe kupimwa mapema, mara afikapo wiki 6, maana waliozaliwa na virusi bila kutibiwa, nusu yao hawafikishi miaka miwili. Baba anayesindikiza mkewe kliniki aokoa maisha ya mwanawe kabla hajamwona uso.

Ninyi ndugu wa marehemu, sikieni neno la Maandiko. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Mungu aahidi kukisikia kilio cha mjane na yatima, tena kwa hasira. Twaona nini baada ya arobaini ya msiba? Baiskeli imeondoka, ng'ombe wamegawanywa, bati limeezuliwa, shamba limepimwa upya. Na watoto wametawanywa, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa baba mdogo, mmoja mjini akawe mtumishi wa nyumba, asiyelipwa kwa sababu "ni mtoto wetu". Fahamuni: msimamizi wa mirathi si mrithi. Amekabidhiwa mali awatunzie wenyewe, naye apaswa kutoa hesabu yake mahakamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto haki yake katika mali ya mzazi wake. Na kama mahakama ya duniani haikuona, ipo nyingine isiyohongwa. Aliyejenga nyumba kwa bati la yatima asije kuniomba nimbarikie nyumba hiyo, kabla hajarudisha.

Ninyi walimu, muulizeni mtoto anayesinzia darasani kabla ya kumchapa. Huenda usiku alimgeuza mama yake mgonjwa kitandani. Huenda alikunywa dawa bila kula. Mkiwaona watoto wamemhama mwenzao, msinyamaze. Wetu alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitufundisha.

Na ninyi, jumuiya ndogondogo za Kikristu, ambazo hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba: mnamjua bibi yule. Kumpa kanga siku ya Noeli ni jambo jema, lakini haitoshi. Mmoja wenu amsindikize mjukuu kliniki mwezi huu, mwingine mwezi ujao. Mwingine amlimie shamba. Mwingine amwulize jioni: "Shikamoo bibi, mtoto amekunywa dawa?" Mambo haya hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Nasi tuliegemea sana wafadhili. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani, ambayo tangu mwaka 2003 ilitoa fedha nyingi kuliko nchi nyingine yoyote kwa kazi hii, ilisimamisha misaada yake ya nje. Baadaye baadhi ya kazi za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, lakini katika nchi nyingi wahudumu wengi wa afya walikwisha kupoteza kazi, wakiwamo wale waliokuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani. Twawashukuru waliotusaidia. Lakini kumfuata mtoto nyumbani kwake hakukupasa kuwa kazi ya mgeni tangu mwanzo.

Kwamba yawezekana, tumeona. Mwaka 1992, huko Nairobi, Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, alifungua makao yaitwayo Nyumbani, kwa ajili ya yatima wenye virusi ambao hakuna aliyewataka. Miaka ile hakuwa na dawa ya kuwapa. Aliwapa kitanda, uji, jina na mahali mezani, nao wengi wao wakafa wakiwa wamependwa. Dawa zilipofika, watoto wale waliokuwa wamepewa mahali walikuwa tayari kuzipokea, wakakua. Mwaka 2006 kazi yake ilizaa kijiji huko Kitui, ambako wazee waliofiwa na watoto wao hukaa na watoto waliofiwa na wazazi wao, nyumba moja, chungu kimoja. Padre huyo alifariki mwaka ule ule. Alianza kumweka mtoto katikati kabla ya kujua kama ataishi, na hiyo ndiyo imani.

Nawe mwanangu, unayesoma gazeti hili, au unayesomewa, nawe wajua kwamba habari hii ni yako: hukukosa lolote. Damu yako haikufanyi mchafu. Ukinywa dawa yako kila siku kwa saa yake, waweza kusoma, kufanya kazi, kufunga ndoa, na kuzaa watoto wazima. Ukichoka kuzinywa, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya kuacha. Na kama huna wa kumwamini nyumbani, njoo kwa paroko wako au kwa masista. Mlango huo ni wako.

Tumo katika siku za Majilio, twangojea kuzaliwa kwa Mtoto ambaye siku ya kwanza kabisa alikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Aliyempa nafasi ni Yosefu, fundi seremala, ambaye hakumzaa kwa mwili. Alimpa jina, akamchukua usiku hata Misri, akamlisha kwa kazi ya mikono yake, wala Maandiko hayatuonyeshi kwamba aliuliza hata mara moja: "Kwani ni wangu?" Huyo ndiye msimamizi wa walezi wote, wa bibi wenye wajukuu, wa shangazi na wajomba, wa akina baba wadogo waliorithi watoto bila kurithi mali.

Wapendwa, Dominika hii, mkiisha kusali rozari katika jumuiya, msiondoke upesi. Ulizaneni: ni mtoto gani wa mtaa wetu ambaye hatujamwona siku nyingi? Mtajeni jina. Kisha wawili wenu waondoke siku ile ile, waende kwao wakabishe hodi.